Ukaguzi wa Roshani katika Nchi ya Madaha

Nilikaa katika nchi ya Madaha siku hamsini na tatu, na haya nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa machache ambayo nitataja aliyeniambia. Jinsi nilivyofika huko si habari ya kumchosha msomaji. Yatosha kujua kwamba mimi ni mwashi, mwana wa mwashi, na kwamba watu wa Madaha waliniita niwe Mgeni Shahidi katika Sikukuu yao ya Roshani. Sheria yao inataka kila mwaka aje mtu mmoja kutoka nje, atazame, kisha aandike katika kitabu kikubwa kwamba ameona na amestaajabu. Kitabu hicho kililetwa siku ile ile niliyofika, kabla sijanawa miguu. Nikamwambia karani kwamba ningependa kuona kwanza. Akacheka kwa adabu, akasema wageni wengi huanza hivyo, akakiacha mezani.

Mji mkuu wao unaitwa Maringo. Ni mji wa majumba marefu, ghorofa tano, sita, hata saba, na kila nyumba ina roshani inayotokeza juu ya barabara. Roshani hizo si mapambo tu. Mtu wa Madaha asiye na roshani haozwi, wala ushahidi wake hausikilizwi mahakamani. Salamu za asubuhi hutolewa kutoka roshani hadi roshani, na vivyo hivyo posa, rambirambi na matusi. Cheo cha mtu hupimwa kwa hatua: roshani ya hatua tatu ni ya mtu wa kawaida, ya hatua saba ni ya mtu mwenye jina, na ile ya Bwana Shekuwe, Mkuu wa Roshani nchini, ilikuwa ya hatua kumi na moja, hata kivuli chake kilifika mlangoni mwa jirani wa ng'ambo. Nami nitasema kweli. Nilipoziona asubuhi ya kwanza, zimejipanga barabara nzima, kingo zimechongwa maua, chokaa inang'aa, nilijaa fahari kana kwamba nilizijenga mimi.

Nilipewa chumba kwa Mzee Twalibu, katika ghorofa ya tatu ya Jumba la Nasaba. Mzee Twalibu alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kanzu isiyo na kunyanzi hata moja. Roshani yake ilikuwa ya hatua saba, aliyoijenga baba wa babu yake. Mkewe, Bi Mwanaate, alikuwa mfupi na mchangamfu, na ndiye aliyenifundisha kwamba huko chai hunywewa nje, mbele za watu, hata mvua inyeshe.

Basi tukatoka nje kunywa chai. Nilipoweka kikombe chini, macho yangu ya kazi yakaanza kutembea. Kwenye pembe, pale roshani inapoungana na ukuta, niliona mstari mweusi unaoweza kupitisha ukucha. Nikainama juu ya ukingo kutazama upande wa chini. Zege lilikuwa limechuruzika kutu kama shavu lililolia. Na katika boriti inayobeba roshani nzima palikuwa na vibao vya shaba vimepigiliwa misumari, vingi, vimebanana.

"Mzee," nikasema, "hapa pana ufa."

Bi Mwanaate akaweka birika chini. Jirani wa roshani ya pili, aliyekuwa akinyunyizia maua yake maji, akaingia ndani akafunga mlango.

"Mgeni wetu," akasema Mzee Twalibu kwa upole, "neno hilo hatulitumii. Sisi husema tabasamu. Ukuta ukizeeka vizuri, hutabasamu."

"Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Hata sisi tulikuwa nayo methali hiyo. Baraza liliirekebisha. Siku hizi inasema, asiyeona ufa hajengi ukuta."

Nikauliza juu ya vile vibao. Uso wake ukachangamka. Vilikuwa vyeti vya ukaguzi. Kila mwaka roshani ikikaguliwa na kuonekana inafaa, mwenye nyumba hupewa kibao cha shaba, naye hukipigilia kwenye boriti ili kila mpita njia akisome. Yeye mwenyewe alikuwa navyo thelathini na kimoja, na vya baba yake vilikuwa nyuma yake.  Nilikuwa nahesabu matundu ya misumari, na mvua iliyokwisha kuingia humo.

Kesho yake nilikwenda kuona ukaguzi wenyewe. Sheria ya Ukaguzi ya Madaha ni ya kale na ni nzuri, nimeisoma yote. Inaamuru kila roshani ikaguliwe mara moja kwa mwaka, na isiyofaa ifungwe mpaka itengenezwe. Haikutaja mkaguzi asimame wapi. Kwa kuwa kuingia katika nyumba ya mtu na kukanyaga roshani yake kungekuwa kumshuku, desturi ikawa mkaguzi asimame barabarani, hatua arobaini kutoka ukutani. Na kwa kuwa kutoka umbali huo haonekani ufa wala kutu, mkaguzi amebaki na kazi moja tu, ya kusifu. Nilimwona mmoja akiwa amevaa joho la kijani, akainua mkono, akaimba kwa sauti tamu kwamba roshani ya fulani ni nyepesi kama unyoya na imara kama kiapo. Watu wakapiga makofi. Kibao kikatolewa. Akasogea nyumba ya pili. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekagua mtaa mzima, nao wakaguzi hupandishwa cheo kwa uzuri wa sauti.

Nikamuuliza karani aliyenisindikiza, "Na zikianguka?"

"Roshani za Madaha hazianguki, mgeni. Hushuka."

"Zinashuka mara ngapi?"

"Kwa heshima," akajibu, nami sikupata tarakimu.

Siku ya sita ya kukaa kwangu, zikiwa zimesalia siku nne kabla ya Sikukuu, tulisikia hodi mlangoni mwa Mzee Twalibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, joho la kijani limepauka mabegani. Alijitambulisha kwa jina la Bi Sikudhani, mkaguzi wa mtaa huo.

"Bi Mkaguzi, karibu," akasema Mzee Twalibu, akiwa amechanganyikiwa. "Lakini wewe mahali pako ni kule barabarani. Tutakuja nje tukusikilize."

"Nimekuja ndani, Mzee. Sheria inasema nikague. Naomba ruhusa yako nikague."

Mzee alitaka kukataa, nilimwona. Lakini mgeni akiomba mlangoni, mtu wa Madaha hawezi kumnyima. Akasogea kando. Bi Sikudhani akavua viatu, akatoa nyundo ndogo katika mkoba, akapiga magoti penye kizingiti. Aligonga kwanza ukuta. Ukajibu kwa sauti kavu, nzuri, sauti ambayo kila mwashi anaijua. Kisha akanyoosha mkono akagonga sakafu ya roshani. Ikajibu kama mtungi mtupu.

Akagonga tena, hapa na pale, akiwa ameinamisha sikio. Akachokora kwa tindo penye pembe. Plasta ikamomonyoka, na nondo iliyokuwa ndani ikaonekana. Aliishika kwa vidole viwili ikavunjika kama biskuti kuukuu. Akamwonyesha Mzee Twalibu vipande vile katika kiganja chake. Kisha akachukua brashi, akapiga mstari mwekundu kwenye kizingiti, mwanzo hadi mwisho, na juu ya ukuta akaandika neno moja: HAIFAI.

Mzee Twalibu aliketi. Wakati huo majirani walikuwa wamejaa kwenye roshani zao, wamekodoa macho.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Miaka thelathini na moja mmekuja mkasifu. Na mwaka jana ni wewe uliyesifu, Bi Sikudhani. Nakumbuka. Watu walilia kwa utamu wa sauti yako."

"Ni mimi, Mzee."

"Basi ulinidanganya mwaka jana, au unanidanganya leo?"

"Mwaka jana," akasema Bi Sikudhani. Akavaa viatu vyake akaondoka.

Kesho yake Baraza la Roshani lilikutana. Mimi niliitwa kama Mgeni Shahidi na nikapewa kiti cha mbele, kile kitabu kikubwa kimewekwa mbele yangu. Bwana Shekuwe alikuwa amekaa juu, mtu mnene mwenye sauti ya chini na macho ya kusinzia; walionizunguka walinong'ona kwamba hajawahi kuinua sauti tangu azaliwe. Bi Sikudhani alisimama katikati. Mzee Twalibu alikaa pembeni, ametazama viatu vyake.

Mjumbe wa kwanza akauliza kama ufa ulioko katika roshani ya mtu ni mali ya mwenye nyumba au ni wa serikali, maana kama ni wa mwenye nyumba, mkaguzi aliuchungulia bila idhini. Wakajadili hilo kwa saa nzima. Mjumbe wa pili, kijana mwenye miwani, akasimama na hoja iliyopigiwa makofi mengi. "Roshani hii imefaa mara thelathini na moja," akasema. "Ikiwa leo haifai, basi iliharibika siku fulani. Mkaguzi atuletee tarehe. Kama hana tarehe, haikuharibika." Wa tatu akasema dhahiri ni nyundo iliyoiharibu, na kwamba hata yeye angegongwagongwa hivyo asingefaa.

Bwana Shekuwe akasubiri wanyamaze. "Bi Sikudhani," akasema polepole, "wewe ni mkaguzi wetu mwenye nishani. Hatutaki kukuaibisha. Sikukuu iko karibu, na ukoo wa Mzee Twalibu, watu ishirini na sita, wanangojewa kwenye roshani yao kama kila mwaka. Futa herufi mbili tu. Neno HAIFAI, ukifuta H na A, linabaki IFAI. Halina maana yoyote, nasi tutajua la kufanya nalo."

Watu wakacheka. Bi Sikudhani hakucheka.

"Mheshimiwa, naomba niseme habari ya Mwalimu Kheri," akasema. "Wengine mnamkumbuka. Alikaa Mtaa wa Birika, ghorofa ya nne. Miezi minane iliyopita nilisimama barabarani nikaisifu roshani yake. Nilisema ni kama kitanga cha mkono wa mama. Maneno yale niliyatunga usiku kucha, nikajivunia. Siku tatu baadaye alitoka kuchuma asumini za kumpelekea mkewe mgonjwa. Mmeandika katika daftari kwamba Mwalimu Kheri alishuka. Mimi nilikuwa napita. Hakushuka, Mheshimiwa. Mtu anayeshuka hufika chini akiwa hai."

Akawageukia wajumbe.

"Nishani mliyonipa niliipeleka kwa mjane wake, naye aliitupa, akafanya vizuri. Tangu siku ile sijasifu. Mmesema nina uoga. Mmesema nina kisirani. Mimi nawaambia nina kiburi kuliko ninyi nyote humu ndani. Ninyi mna kiburi cha roshani. Mimi nina kiburi cha jina langu, na sitaliweka tena chini ya uongo, hata herufi mbili."

Bwana Shekuwe alifumba macho kidogo. Kisha akanigeukia. "Mgeni wetu ni mwashi. Atuambie. Katika nchi yake, wakaguzi hugonga?"

Msomaji, nilitamani kusema ndiyo kwa sauti kubwa. Lakini nilikumbuka jengo moja nililolisimamia kwetu, ambalo cheti chake kilitoka bila mtu yeyote kufika hata getini, nami nikakipokea kwa shukrani na kukitia fremu. Nikasema, "Mheshimiwa, kwetu sheria inasema wagonge." Akatabasamu, kwa kuwa alielewa. Masikio yangu yakawaka moto. Ndipo nikaongeza, "Lakini jana nimesikia sauti ya sakafu ile. Mimi nisingetoka juu yake hata kufukuza kuku. Na katika kitabu chenu sitaandika kwamba nimestaajabu. Nikiandika, nitaandika nilichosikia." Karani akakiondoa kitabu mbele yangu, wala sikukiona tena.

Baraza likatoa hukumu iliyoafikiana na kila upande. Roshani ya Mzee Twalibu ilitangazwa kwamba haifai kwa uzito lakini inafaa kwa heshima, na kwa kuwa Sikukuu ni jambo la heshima, itatumika. Ama Bi Sikudhani, walifukua sheria ya zamani isemayo kwamba anayeitilia shaka roshani ya mtu atasimama chini yake siku ya Sikukuu, toka ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, akiwa amevaa joho lake, ili akitazamwa watu wajue nani alikosea.

Asubuhi ya Sikukuu, Maringo ulikuwa mji mzuri kuliko miji yote niliyowahi kuiona. Mazulia yaliteremshwa kwenye kingo. Ubani ulifuka. Ukoo wa Mzee Twalibu ulikusanyika sebuleni: kaka zake na wake zao, binamu, wakwe, wote ishirini na sita, wamevaa hariri, wamejipanga kwa umri kama ada ilivyo, mkubwa mbele. Binti yake Saada, mjamzito wa miezi saba, alikuwa wa kumi na nne katika mstari. Ngoma ya kwanza ikalia. Kotekote milango ikafunguka na watu wakamiminika nje, shangwe zikapaa.

Mlango wetu haukufunguka. Bi Mwanaate alikuwa amebeba kigoda, akakiweka juu ya ule mstari mwekundu, akaketi, mgongo wake ukiegemea mlango.

"Mama Saada," akasema Mzee Twalibu, "ondoka."

"Anayetaka kupita anikanyage."

"Mtaa mzima unatutazama. Watasema nini?"

"Watasema Twalibu anatawaliwa na mkewe. Wameshasema hayo miaka mingi, hatujafa."

Kaka mkubwa, mzee mwenye fimbo ya fedha, akafoka kwamba roshani hiyo iliwabeba baba zao. Binamu mmoja akasema watoke wachache, wakanyage taratibu.  Mzee Twalibu alikwenda kwenye dirisha la pembeni, akachungulia chini, nami nikachungulia pamoja naye.

Bi Sikudhani alikuwa amesimama barabarani, moja kwa moja chini ya roshani. Walinzi wawili walikuwa wamesimama naye, lakini mbali kidogo, upande wa pili wa njia. Walikuwa wakiitazama roshani kila mara kisha wakirudi nyuma hatua moja. Yeye hakurudi nyuma. Alikuwa ameinua uso, ametulia, mikono imeshikana mbele.

Mzee Twalibu alimtazama kwa muda mrefu. "Walinzi wanaogopa," akasema. "Wanasema inafaa, na wanaogopa. Yule anajua haifai, na amesimama."  Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisahau, "Mtu huyu amekuwa mkweli kwangu mpaka chini ya roshani yangu. Nikitoka nje, namuua yeye na mwanangu kwa pamoja, kusudi jirani aone kanzu yangu."

Akageuka. "Tunateremka," akawaambia.

"Tunateremka wapi?" akauliza kaka yake.

"Chini. Kwa ngazi. Kwa miguu yetu."

Lazima nieleze kwamba katika nchi ya Madaha hakuna mtu mwenye jina aliyewahi kuonekana ardhini siku ya Sikukuu. Ardhi ni ya wapagazi na wapiga ngoma. Kaka mkubwa akalia machozi ya hasira. Lakini Mzee Twalibu alikwishatangulia, Bi Mwanaate akamfuata na kigoda chake, Saada akafuata akishika ukuta, na mmoja mmoja wote wakashuka ngazi ghorofa tatu, hariri zikiburura vumbi, wakatokea barabarani mbele ya mji mzima. Ngoma zikasita. Shangwe zikakatika. Mzee Twalibu akaenda moja kwa moja chini ya roshani yake, akamshika Bi Sikudhani mkono, akamwondoa pale kama mtu anavyomwongoza bibi arusi.

Bwana Shekuwe alifika na msafara wake. Aliinua macho. "Naona bado ipo," akasema. "Asubuhi yote imesimama. Mkaguzi alisema uongo."

"Sikusema itaanguka leo, Mheshimiwa," akajibu Bi Sikudhani. "Nilisema haifai."

"Mgeni," Mzee Twalibu akaniita, "wewe ni fundi. Roshani inaweza kuulizwa yenyewe?"

Nikamwambia inaweza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba inayojengwa, yenye mchanga, magunia na kapi ya kupandishia mizigo. Nikapanda darini mwa Jumba la Nasaba na wapagazi wanne, nikafunga kapi, nikatumia kamba yenye fundo la kuteleza, ambalo ukivuta kamba ya pili linafunguka lenyewe, ili asiwepo mtu wa kukanyaga roshani ile. Watu waliondolewa chini, na Bi Sikudhani mwenyewe aliweka vigingi kuonyesha mwisho wa kusimama. Tukajaza magunia ishirini na sita, kila moja lenye uzito wa mtu mzima. Bi Mwanaate akachukua kipande cha mkaa, akaandika juu ya kila gunia jina la mtu wa ukoo wake.

Tukaanza kuyateremsha kwa mpangilio wa ada, mkubwa mbele. La kaka mwenye fimbo ya fedha likatua. La Mzee Twalibu. La Bi Mwanaate. Kaka mkubwa alianza kucheka. Gunia la saba, la nane, la kumi, roshani imetulia tuli. Watu wa majumba ya jirani wakaanza kupiga makofi. Kwenye la kumi na mbili, vumbi jembamba likachuruzika penye pembe. Kwenye la kumi na tatu, kibao kimoja cha shaba kiling'oka kikaanguka, kikalia kwenye mawe. Makofi yakaisha.

Gunia la kumi na nne lilitua taratibu kuliko yote, maana mimi mwenyewe nilishika kamba. Nilivuta fundo. Roshani ikatoa mlio kama wa mti unaokatwa, ikainama mbele, ikakatika penye ukuta, ikaenda na magunia yake yote. Vumbi lilipanda hadi kwetu darini. Lilipotua, chini palikuwa na rundo la zege na mchanga, na gunia moja limelala juu yake, limepasuka, lenye jina la Saada.

Bi Mwanaate hakupiga yowe. Alimkumbatia bintiye kwa nguvu hata nikaogopa atamuumiza. Kaka mkubwa aliketi chini, barabarani, na hariri yake.

Niliposhuka barabarani nilimkuta katibu wa Bwana Shekuwe na daftari mkononi. Nilimsikia akiuliza kwa kunong'ona, "Niandike imeshuka, Mheshimiwa?"

Kabla Mkuu hajajibu, mpagazi mmoja, jitu la kifua wazi aliyekuwa amenisaidia kujaza magunia, akasema kwa sauti, "Imeanguka."

Neno lile halikuwa limesikika hadharani Maringo kwa muda mrefu. Bibi mmoja akalirudia kutoka roshani ya ghorofa ya tano, "Imeanguka!" kisha akaruka haraka kurudi ndani ya nyumba yake. Likaenea mtaa mzima, imeanguka, imeanguka, na kila aliyelisema alirudi ndani, mpaka Sikukuu ya Roshani ikawa roshani tupu zenye mazulia, na watu wamejaa ngazini wakishuka chini. Bwana Shekuwe alitazama kule iliko roshani yake ya hatua kumi na moja. 

Asubuhi iliyofuata palikuwa na foleni mlangoni kwa Bi Sikudhani, na katika foleni hiyo alikuwemo mtumishi wa Bwana Shekuwe, aliyekuja kumwomba mkaguzi apitie mlango wa nyuma. Bi Sikudhani alipita mlango wa mbele. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amepiga mistari myekundu mia moja na sitini, na kwa kuwa watu wa Madaha ni watu wa Madaha, nilianza kuwasikia wakitambiana: "Sisi mstari wetu aliupiga mwenyewe kwa mkono wake." "Wetu ni mnene zaidi." Baraza nalo lilijadili siku nne rangi ya mstari. Lakini walijadili huku mafundi wanagonga, na hilo si dogo.

Mzee Twalibu aliniomba nimjengee roshani mpya kabla sijaondoka. Akataka iwe ya hatua tatu. Nikaijenga kwa ufundi wangu wote: nondo mpya zilizosafishwa, zege la uwiano mzuri, mteremko wa kutoa maji, ukingo wa mbao nilioutia mafuta. Nilipong'oa mbao za kiunzi, mtaa mzima ulikuja kutazama, nami nilisimama kando nikijifanya nafuta mwiko. Tangu niwe fundi sikupata kujenga kitu kizuri kama kile.

Bi Sikudhani akaja. Alivua viatu. Aligonga juu, akashuka, akapanda ngazi ya mbao akagonga chini. Alichukua muda mrefu. Nilikuwa nimemtetea mbele ya Baraza, nimeshika kamba siku ile, na moyoni nilikwisha jua atakachosema.

"Kishikizo cha tatu cha ukingo," akasema. "Kinacheza."

"Kinacheza kidogo tu, Bi. Kitakaza chenyewe mbao ikikauka."

Alinitazama bila ukali. "Haifai," akasema, akachukua brashi.

Niliona giza. Maneno niliyomwambia moyoni ni yale yale waliyoyasema wajumbe wa Baraza, neno kwa neno, na nusura niyatamke. Nani amemwita? Ana shukrani gani mtu huyu? Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Bi Mwanaate akaniletea chai, safari hii ndani ya nyumba, akasema tu, "Uchungu wake unapungua ukishashika nyundo, fundi. Mume wangu alihitaji siku nne."

Mimi nilihitaji moja. Nikaling'oa pambo lote la ukingo upande ule, nikachimba upya, nikakipachika kishikizo ndani ya zege kwa kina cha kiganja kizima. Nilipokitikisa kwa mikono miwili, nilitikisika mimi.

Bi Sikudhani aliporudi, alianza tena tangu mwanzo, kana kwamba hajawahi kuiona. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa mzima ulinyamaza kulitazama. Alivuka kizingiti, akatoka nje, akasimama mwishoni kabisa mwa ile roshani ya hatua tatu, akaegemea ukingo kwa uzito wake wote, mwili umeinama juu ya barabara, na kukaa hivyo, upepo ukipeperusha joho lake, akitazama mji.

Mtu mmoja chini akapaza sauti, "Isifu, Bi Mkaguzi!"

Akarudi ndani, akachovya brashi, akaandika ukutani herufi sita, bila unyoya, bila kiapo, bila neno jingine. Katika maisha yangu nimepewa mbuzi, nimevishwa mashada, nimeimbiwa na watu niliowajengea. Sijawahi kusimama wima kama niliposimama mbele ya ukuta ule, chokaa mikononi, nikisoma: INAFAA.